Mayai ya Raya Chini ya Ngazi

Habari ya kufa kwa Raya ilinifikia baada ya sala ya adhuhuri, kwa simu ya bintiye. Kiswahili cha mtoto yule ni cha kusikia kwa mamaake tu, kwa hiyo alilisema neno lile wazi, bila ya kulizungusha kama tufanyavyo sisi: "Mama amekufa, Mama Biubwa. Tumeshamzika." Nikasema inna lillahi, nikamwombea marehemu na yeye aliyebaki, kisha nikakaa juu ya msala uleule mpaka adhana ya alasiri ikanikuta. Mtu akifiwa na dada yake watu humjia, humpikia, humshika mkono. Mimi sikuwa na haki ya kufiwa kwa namna hiyo. Hatukuwa ndugu. Tulilala chumba kimoja kwa mwaka mmoja, Malindi ya Unguja mjini, katikati ya miaka ya tisini, na baada ya hapo kila tulipoonana alikuwa mgeni wa wiki mbili, mwenye chokoleti za watoto na miwani mipya. Lakini siku ile nilipofumba macho sikumwona profesa wa watu. Nilimwona msichana amepiga magoti kwenye stoo ya giza, tochi mkono mmoja na yai mkono wa pili, ananiambia nisogee nisiogope.

Nyumba ilikuwa ya baba yake, Maalim Shaame, aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani kwenye chumba cha chini. Mimi nilitoka Makunduchi kuja kusomea ualimu mjini, na kwa kuwa nilikuwa nimehifadhi juzuu kadhaa, Maalim alikubali nikae kwake ili jioni nimsaidie na watoto wadogo. Chumba chetu kilikuwa juu, chini ya boriti, na dirisha lake lilipokea kelele za bandarini tangu asubuhi: wachukuzi wakigombana, mikokoteni, honi ya boti ya Dar es Salaam. Raya alizaliwa na kelele zile hata hakuzisikia. Mimi nilizisikia zote. Jiko lilishikwa na shangazi yake, ambaye nami nilimwita Shangazi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu mnene. Siku ya kwanza nilipofungua kinywa kwa lafudhi yangu ya kusini aliniambia, "Sema polepole mwanangu, hapa mjini masikio yetu mazito." Raya akacheka mpaka chai ikampalia. Ndivyo nilivyopokewa, na nilipapenda pale tokea saa ile.

Wiki za mwanzo tu Maalim akaniita. "Biubwa!"

"Naam, Maalim."

"Kaa." Alikuwa akifunga vitabu vyake kwenye kitambaa, wala hakunitizama. "Raya kapata nafasi ya kwenda kusoma Uswidi. Elimu ya viumbe. Nafasi yenyewe ni ya mwakani, na mimi sijasema ndiyo, sijasema siyo. Nasikia kuna wanaoingia na imani kwenye elimu hiyo wakatoka bila. Wewe unalala naye chumba kimoja, na wewe nakuamini. Mtizame. Siku nikikuuliza, unambie haki, usimpendelee."

Nikaitikia inshaallah. Nilipokuwa napanda ngazi nilijua kwamba lau angeniuliza pale pale ningemwambia asiende, na si kwa ajili ya imani. Sikuwahi kuwa na rafiki mfano wake, na tayari nilikuwa nahesabu chumba kile kuwa ni changu na yeye. Sikumficha Raya kitu. Nilimweleza siku hiyohiyo nilivyoagizwa, akajipiga paja. "Kumbe nna kadhi chumbani! Basi shoga, kadhi lazima aijue kesi. Keti nikusomeshe."

Na alinisomesha kweli. Tulikaa juu ya mkeka, yeye na kitabu chake kikubwa chenye picha za viinitete, yaani viumbe vilivyo bado ndani ya yai au matumboni mwa mama zao, mimi na kikombe changu cha chai ya hiliki. Alinionyesha samaki, kuku, popo na mtu, wote wachanga mno, wamejikunja kama maharage, kisha akaziba majina kwa kiganja. "Yupi mtu?" Nikamwonyesha popo. Alifurahi kama aliyepewa zawadi. Akanieleza kwamba ndani ya kila kiumbe zimo jeni, maagizo ya kujenga mwili ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wake, na kwamba jeni zinazopanga wapi pawe kichwa, wapi kifua na wapi mkia ni za ukoo mmoja kwa nzi, kwa samaki, kwa nyoka na kwa mtu. Zimerithiwa kutoka mbali sana, na katika kurithiwa huko zimekuwa zikibadilika kidogo kidogo. Nikamuuliza, sasa mbona nzi si samaki?

"Ndo hapo. Pengine jeni moja hunakiliwa zikawa mbili. Baba ana kanzu mbili, siyo? Moja lazima ibaki ya Ijumaa. Ya pili akitaka aikate mikono, aitie mfuko, aifanye ya kulalia, hapana hasara, maana ya Ijumaa ipo. Jeni ya pili nayo hupata nafasi ya kubadilika, na mwili ukapata kitu ambacho haukuwa nacho."

"Na anayeikata nani?"

Alirudisha ukurasa. "Hilo swali lako wewe, kadhi. Langu mimi ni kutizama ilivyokatwa."

Nimesomesha dini wanawake wenzangu kwa miaka mingi sasa, na jawabu lile nimelirudia zaidi ya mara moja mbele ya wasichana wanaokuja kwangu na maswali kutoka skuli, nyuso zimewaiva kwa khofu kama kwamba wameokota kitu cha haramu. Siku hizi wanasoma mambo haya hapohapo Tunguu, kwenye chuo kikuu, asubuhi wanakwenda na mchana wanarudi kula kwao, na wala hawajui kuwa hiyo ni neema. Ninapowaona wakishuka garini na mikoba yao huwa nashukuru, na papo hapo naona wivu. Lau ingekuwa hivyo wakati wetu, Raya angesoma akarudi jioni, tungeolewa mitaa miwili ya jirani, tungezeeka tunapelekeana bakuli za futari. Mungu hakupanga hivyo. Nimeridhika, lakini kuridhika hakukuniondolea hamu ya kumwona.

Masomo yake hayakukaa chumbani peke yake. Yaliteremka mpaka jikoni. Kuna siku Shangazi alituita tukakune nazi, Raya akakaa juu ya mbuzi anakuna huku anasema, na Shangazi anamsikiliza kwa sikio moja.

"Shangazi, ukilitia tui zito mwanzo, mchuzi ukachemka nalo sana, unakuwaje?"

"Unakatika. Mtoto mkubwa huyu, hata hilo hajui! Nani atamwoa?"

"Na ukilitia mwisho?"

"Unakuwa mchuzi."

"Na nazi ileile?"

"Nazi ileile, Raya. Nipe tui langu."

"Basi na jeni ndo hivyo. Jeni ileile, ikiamka mapema au ikichelewa, ikiamka pahala hapa au pale, mwili unatoka mwengine. Nyoka asili yake alikuwa na miguu. Chatu mpaka leo, ndani ya yai, vichipukizi vya miguu ya nyuma huanza kutoka, kisha lile agizo la kuendelea linakuwa dhaifu, vinasita."

Shangazi alikamua chicha mpaka tone la mwisho, akalitupa ndooni. "Kwa hivyo nyoka ni mchuzi uliokatika."

Tulicheka mpaka Maalim, aliyekuwa na wanafunzi wake upande wa pili wa ukuta, akagonga kwa bakora tunyamaze. Tukaziba midomo kwa kanga, na hapo kicheko kikazidi.

Mayai yalikuja baadaye, mvua za masika zilipokwisha. Kitabu hakikumtosha Raya, alitaka kuona kwa macho. Mayai ya dukani hayafai, maana hayana jogoo, basi mimi nilipokwenda nyumbani Makunduchi nikarudi na kikapu cha mayai ya kienyeji yaliyotandikiwa makumbi ya nazi. Uwani, chini ya ngazi, palikuwa na banda la kuku, na ndani yake kuku mmoja mwekundu aliyekuwa akiatamia. Kila siku Raya alimtilia yai moja zaidi, ili apate viinitete vya umri mbalimbali, na ili asiyachanganye aliyaandika kwa penseli, hili alifu, hili be, hili te, kila yai na herufi yake, na likivunjwa moja herufi yake hupewa yai jipya. Wakati wa mchana tukiyachukua mojamoja tunaingia nayo stoo, kwenye giza, na Raya anaweka tochi nyuma ya yai. Mara ya kwanza sikuona kitu ila wekundu. Kisha nikaona mishipa, myembamba kama nyuzi, na katikati yake nukta inayodunda. Nikasema Subhanallah kwa sauti. "Sema tena," Raya akasema, "mimi nasema kila siku." Machache aliyavunja ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, akanionyesha ubawa na mguu vikiwa bado vichipukizi vilivyolingana, huwezi kujua kipi kitaruka na kipi kitaparura mchanga.

Sasa, kwetu yai lenye maandiko likikutwa uwani halina maana nzuri. Watu huandikiwa mayai, wakayazika mlangoni mwa mtu au wakayavunja njia panda, kwa chuki au kwa mapenzi, na kila mtoto wa Unguja anajua kwamba yai la namna hiyo haliguswi. Mimi najua, na Raya anajua. Lakini zile kwetu zilikuwa alama tu, na wiki hadi wiki tulizizoea hata hatukuziona tena kuwa ni maandishi. Siku ya hitima ya babu yake Raya, kisomo cha kumrehemu, wanawake wa mtaani wamejaa uwani, huyu anachambua mchele, yule anapiga mayai ya mikate, Shangazi akakumbuka kumwangalia kuku wake kama ana mayai viza. Akatia mkono. Tulikuwa juu tunatandika mikeka tuliposikia ile sauti ya mtu mnene:

"Lahaula! Njooni mtizame! Nyumba ya Maalim imeandikiwa!"

Tulipofika chini wanawake walikuwa wamejitenga na banda kama lina moto. Yai la alifu lilikuwa chini, halikuvunjika, na Shangazi amejishika kifua. Maalim akatoka chuoni. Miaka yote alikuwa akiwakemea hadharani wale wanaoandika mayai na kuwauzia watu wenye shida, mpaka wapo waliomnunia kwa hilo. Na leo mayai yapo uwani kwake, siku ya hitima ya baba yake, mbele ya nusu ya mtaa. Aliinama akayatoa yote mwenyewe, akayapanga kwenye ungo, akayasoma. Alifu, be, te, the, jimu.

"Nani?"

"Mimi, baba," Raya akasema.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, baba. Herufi hizi ndizo ninazoandika vizuri."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba. Raya akaanza kueleza, umri wa viinitete, alama, kitabu, lakini kila alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika vibaya, maana ukiwaambia watu kwamba unayavunja mayai uone kilichomo, hawasikii kinyume cha uganga, wanasikia uganga wenyewe. Maalim akamnyamazisha kwa mkono. "Basi Uswidi hapana. Kama hujaondoka na nyumba yangu ishakuwa hivi, huko utakuwaje?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Raya. Nakumbuka hata harufu ya pale, hiliki na samli. Kila nilichokitaka mwaka mzima kilikuwa kimekuja chenyewe mpaka miguuni kwangu, wala sikutakiwa kufanya kitu ila kunyamaza. Angekaa. Tungekaa. Lakini nilimwona anavyoutizama ungo, si baba yake, ungo, mayai yanapoa na yeye anayahesabu kwa macho, na nikajikuta nimesema, "Maalim, hujaniuliza."

"Nini?"

"Ulisema siku moja utaniuliza. Hujaniuliza."

Maalim akasema ataniuliza baada ya alasiri, akaamrisha mayai yarudishwe kwa kuku na watu waendelee kupika.

Baada ya alasiri, hitima imesomwa na wageni wametawanyika, aliingia stoo pamoja na mimi na Raya, na Shangazi akajibana mlangoni ili asipitwe. Nikamwekea Maalim tochi nyuma ya yai. Nikaomba ruhusa nikavunja lile la be ndani ya bakuli, na sisi watatu tukainama. Maalim akanyosha kidole bila ya kugusa.

"Huu mguu?"

"Huo ubawa, Maalim. Mguu ni huu."

"Mbona sawasawa?"

"Vinaanza sawasawa."

Akavuta pumzi. "Haya. Nakuuliza. Na mtu je, wanasemaje?"

Raya alinitizama. Ningeweza kulipunguza jawabu pale, nikasema anasoma miguu ya kuku basi, na pengine ingepita. Lakini niliahidi haki. "Wanasema mtu na wanyama wana asili moja, Maalim, ya kale mno, na kwamba jeni zilizobadilika ndizo zilizoleta miili mbalimbali. Ndivyo kitabu kinavyosema na ndivyo Raya anavyofundishwa. Sikufichi."

"Basi kuku jamaa yetu," Shangazi akasema kutoka mlangoni, "na tushamla mchuzi."

"Na Raya mwenyewe?" Maalim akauliza, kama hakumsikia.

"Raya anasema anachokiona. Asichokiona hakisemi. Na alfajiri, Maalim, mimi ndiye mzito. Yeye ndiye anayeniamsha kusali. Hajakosa hata siku moja kuniamsha."

Maalim alibaki ameinama juu ya bakuli. Ikatoka kwake kwa sauti ndogo ile aya ya viumbe wanaokwenda kwa matumbo yao, na wenye miguu miwili, na wenye minne. Aliimaliza, akairudia tangu mwanzo, polepole, kama anavyowasikiliza watoto kuona wapi wamekosea. Kisha akaomba maji ya kutawadha akaenda msikitini.

Siku zilipita hakutamka neno. Raya hakula vizuri, na mimi nilikula kwa aibu, kwa sababu moyo wangu ulikuwa bado una sehemu iliyotaraji jawabu baya. Asubuhi moja tunakunywa chai, Maalim akamwambia dada yake, "Mjini hapa sufu inapatikana wapi?"

"Sufu ya nini na joto hili?"

"Ya sweta. Nasikia huko kuna baridi haina adabu."

Raya aliweka andazi lake mezani. Maalim aliponyanyuka alipita nyuma yangu akasimama. "Mungu akulipe," alisema. "Wewe ndiye utakayebaki."

Yapo niliyoambiwa na Raya mwaka ule ambayo mpaka leo sijajua niyaweke wapi. Sikuyatupa wala sikuyalazimisha. Nayaacha yakae, kama mgeni asiyesema anaondoka lini, na nimeona kwamba imani yangu haikuvunjika kwa kukaa nayo nyumba moja. Kinyume chake, sijapata kukata kuku tangu siku zile bila ya kusimama kidogo kwenye kiungo cha ubawa, na kila nikisimama hapo husema Subhanallah ileile niliyosema stoo.

Aliondoka kwa boti ya asubuhi, bandari ikiwa mlangoni mwetu, kwa hiyo hatukuwa hata na safari ya kumsindikiza. Tulitembea dakika chache na begi lake juu ya mkokoteni. Alinikumbatia akaninong'oneza, "Nani atakuamsha alfajiri?" Nikamwambia nitaamka. Sweta alikuwa amelivaa, na jua la Malindi lile, kwa sababu baba yake alitaka kumwona nalo. Boti ikatoka, watu wakatawanyika, na wachukuzi wakaendelea na ugomvi wao.

Mchana Shangazi akapika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, akapakua kwa mazoea sinia ya watu watatu. Tulikaa mimi na yeye. Mtu hula upande wake wa sinia, na sisi tulikula pande zetu kwa adabu, mpaka chini ya sinia ikaanza kuonekana kwangu na kwake. Upande wa tatu wali ulibaki umesimama kama ulivyopakuliwa, na kipande cha samaki juu yake. Nikafuta macho kwa kanga, ndipo nikanyanyua mkono nikaramba vidole.

"Hujashiba," Shangazi akasema.

"Nimeshiba. Uliobaki wa Raya."

"Raya atalishwa huko alikokwenda." Akaishika sinia kwa mikono miwili, akaizungusha taratibu mpaka ule wali ukaja mbele yangu. Sauti yake siku ile ilikuwa nyembamba kama yeye mwenyewe. "Mimi sina mtu wa kula naye ila wewe. Kula, mwanangu."

Nikasema bismillahi mara ya pili, nikatia mkono.